Hasara Namba Moja

"Niandikie kurasa tatu," alisema Daktari bila kuinua macho kwenye karatasi alizokuwa akizitia saini. "Hizi tovuti za siku hizi, ambazo mtu anaburuta vitu na kuviachia anapotaka, halafu eti tovuti imekwisha. Nataka faida zake na hasara zake. Wewe ndiye mtaalamu wetu, nani mwingine ataniandikia?"

Mtaalamu alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akajibu, "Sawa, Daktari," akatoka. Alipofika nusu ya ujia ndipo akili ilipomrudia, akaelewa kwamba kitu alichotumwa kukipima ni kazi yake mwenyewe.

Pale kliniki wote walimwita Mtandao. Jina hilo lilianza kama utani. Kila mtandao ulipokatika watu walichungulia milangoni na kuita, "Mtandao!" na yeye akatokea mbio na nyaya zake, mpaka jina likamganda. Miaka saba alikuwa ndiye mtunzaji wa tovuti ya kliniki, aliyoiandika kwa mkono wake mstari baada ya mstari. Haikuwa nzuri sana, tuseme ukweli. Kijani chake kilikuwa kimepitwa na wakati, na picha ya Daktari ilimwonyesha akiwa na nywele ambazo siku hizi hana. Lakini ilikuwa nyepesi, ikifunguka hata kwenye simu ya mtu aliyebakiwa na bando la kulambalamba. Na nyuma yake ilikuwa na kalenda ya miadi, ambayo wagonjwa wa figo waliitumia kushika nafasi kwenye mashine za kusafisha damu.

Mashine zilikuwa sita, na wagonjwa hawakupungua arobaini. Kiti kimoja, Jumanne na Ijumaa saa mbili asubuhi, kilikuwa cha mama yake Mtandao, kwa nusu bei, kwa sababu mwanawe alikuwa mtumishi. Mtumishi akiondoka, kiti kinaondoka naye. Kanuni hiyo Mtandao aliijua vizuri kwa kuwa aliichapa yeye mwenyewe.

Jumamosi mchana aliketi kwenye meza ya kulia chakula, akafungua kompyuta, akajiandikisha kwenye moja ya hizo tovuti za kuburuta. Alianza kwa dharau. Akavuta kichwa cha habari, akakiachia juu. Akavuta picha, akaiachia chini yake. Akavuta ramani. Vitu vilijipanga vyenyewe kwa adabu, kama wageni walioonyeshwa viti. Katikati alikula, akamgeuza mama yake upande kule kitandani, akamwosha binti yake mdogo aliyejipaka wino. Ilipofika saa kumi, kliniki nzima ilikuwa mbele yake, maridadi kuliko ile aliyoitolea jasho miezi mitatu. Kalenda ya miadi, ambayo ndiyo aliyodhani ni ngome yake, ilimchukua dakika kumi na moja. Alizihesabu kwa saa ya ukutani, kisha akashika tama.

Mke wake alikuwa chini kwenye mkeka, akikata nyuzi zilizobaki kwenye sare za shule alizoshona wiki ile.

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Njoo utazame."

Akaja na mkasi wake mkononi. "Nzuri," alisema. Kisha akautazama uso wa mumewe. "Nzuri kiasi gani?"

"Kiasi kwamba yule dada wa mapokezi anaweza kuitengeneza huku anapokea simu."

"Haiwezi kukosa kasoro, baba watoto. Hakuna kitu kisicho na kasoro."

"Zipo. Kwanza, si mali yako. Ni sawa na kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Akipandisha kodi unalipa, na akikufukuza huondoki hata na dirisha."

"Daktari atasema atalipa. Ya pili?"

Alikwenda kuchukua simu ya mama yake kwenye kimeza cha dawa, simu ndogo ya kugusa iliyopasuka pembeni. Akaifungua tovuti ile mpya. Kioo kikawa cheupe, na katikati kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, mpaka mama mtu akauliza kutoka kitandani, "Mnaniharibia simu yangu ninyi?" Mwisho ukaingia ujumbe kwamba bando limekwisha.

"Umeona?" alisema Mtandao. "Ni nzito. Na wagonjwa wetu wengi wana simu kama hii."

"Basi si ndiyo hiyo? Andika hiyo."

"Nitaandika. Lakini Daktari ana simu kubwa kama kigae, na mhasibu vile vile. Wataifungua pale pale mezani, itafunguka mara moja, halafu wataniuliza huo uzito uko wapi."

Mke akarudi mkekani. Alikata uzi mmoja, akakata wa pili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, isifike kitandani.

"Na kalenda? Inaweza kalenda?"

"Inaweza. Vizuri tu."

"Wao wanajua kuwa inaweza?"

"Watajuaje? Mjuzi wao ni mimi."

"Mimi sisemi kitu," alisema mke, na alikuwa ameshasema.

Mama alikohoa, akaita. "Mwanangu, Jumanne usisahau shali langu. Mkunga hakubali lile dirisha lifungwe hata kidogo. Eti anataka kuona watu. Mwanamke amezalisha watu maisha yake yote na bado hajawachoka!" Akacheka peke yake. Huyo Mkunga alikuwa mkunga mstaafu aliyekaa kiti cha dirishani, jirani na cha kwake, siku zile zile na saa ile ile. Miaka miwili walikuwa wamesafishwa damu bega kwa bega, wakisimuliana hadithi mpaka wauguzi wakawakataza.

Mtandao aliandika ripoti Jumapili. Faida alizibana zikawa aya moja. Kwenye hasara, namba tatu aliweka uzito, namba mbili akaweka habari ya kiwanja cha watu. Namba moja aliiacha wazi kwa muda mrefu, akainuka kunywa maji, akarudi. Kisha akaandika: "Haina uwezo wa kuendesha kalenda ya miadi ya wagonjwa." Aliisoma mara mbili. Ilionekana imara kuliko zile mbili za kweli, na hilo lilimuudhi.

Kikao kilifanyika Jumatano kwenye chumba cha mikutano. Walikuwapo Daktari, mhasibu na muuguzi mkuu. Pembeni alikaa dada wa mapokezi na daftari lake, naye Mtandao akadhani ameletwa kuandika muhtasari.

Daktari aliufunua ukurasa wa kwanza, akausoma, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo kalenda haiwezekani."

"Haiwezekani, Daktari. Si kwa mahitaji yetu."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Aliulizwa mara mbili, na wala hakujiuliza kwa nini anaulizwa mara mbili. Daktari akageuza kiti.

"Binti, hebu waonyeshe."

Dada wa mapokezi aliinuka bila kumtazama Mtandao. Akachomeka waya, ukuta ukawaka. Ilikuwa tovuti ya kliniki, ya bluu, inayong'aa, Daktari akiwa na upara wake halali. Akabonyeza mahali, kalenda ikafunguka: viti sita, siku sita, vilivyoshikwa na vilivyo wazi, kila kimoja na rangi yake. Akajaza jina la uongo kwenye kiti namba nne, kikabadilika rangi mbele ya macho yao.

"Nilimpa naye kazi hiyo hiyo wiki iliyopita," alisema Daktari. "Imemchukua siku moja na nusu, na simu alipokea."

"Kumbe haiwezekani kwa wanaume tu!" alisema mhasibu, akajipigia meza.

Wakacheka. Mtandao alishikwa na aibu ya kweli, ile ya masikio kuwaka moto na mikono kukosa pa kuiweka. Akajikaza.

"Daktari, kuna namba tatu. Ukurasa wa pili. Kwenye simu ndogo ni nzito mno, haifunguki. Nimejaribu mwenyewe. Wagonjwa wetu wengi..."

"Na hiyo namba tatu," aliuliza mhasibu, "ni ndugu yake namba moja?"

Safari hii hata muuguzi mkuu, aliyezijua simu za wagonjwa kuliko wote mle ndani, aliziba mdomo kwa mkono. Daktari akatoa simu yake kubwa, akabonyeza, akaigeuza wote waone. Imefunguka. Kisha akailaza ripoti kifudifudi juu ya meza, kurasa zote tatu.

"Kuhusu tovuti sina neno nawe," alisema. "Lakini nimekuuliza mara mbili."

Kilichomuuma Mtandao kuliko kicheko ni kwamba neno la kweli lilikuwa bado mdomoni mwake, na mle chumbani hapakuwa tena na mtu wa kulipokea.

Alipewa mwezi mmoja wa kukabidhi kazi na kuondoka. Alihamisha orodha ya wagonjwa, akatoa maneno ya siri yote, akamfundisha dada wa mapokezi pale alipokwama, na hakukwama sana.

"Kaka Mtandao, usinichukie," alisema dada siku ya pili. "Aliniambia nisikwambie."

"Sikuchukii."

"Kazi yangu mwenyewe ilikuwa inatafutiwa sababu ya kufutwa. Siku hizi simu hazipigwi kama zamani."

Alimwelewa, na kumwelewa kulimchosha zaidi. Akamwonyesha mahali kwenye kalenda palipoandikwa kwamba kila mgonjwa athibitishe nafasi yake ya wiki kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, na asiyethibitisha kiti chake kinageuka chekundu na kuachiwa mwingine.

"Hii nani ameitaka?"

"Hakuna. Imekuja nayo yenyewe. Kuna kisanduku, tayari kilikuwa na tiki. Daktari alipoiona akaipenda, akasema itapunguza viti kukaa bure."

"Na mwenye simu ndogo atathibitisha vipi?"

"Atampa mwenye simu kubwa amsaidie."

"Asiyekuwa na mtu?"

"Kila mtu ana mtu, kaka," alisema dada, na alikuwa na umri wa kuamini hivyo.

Siku ya mwisho alirudisha kitambulisho chake, na mlinzi wa getini akamwomba afungue begi. Miaka saba mlinzi huyu alikuwa akimpungia mkono tu. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, kitambaa cha jasho na waya mmoja.

"Waya huu wa ofisi?"

"Wangu."

"Una risiti yake?"

Hakuwa nayo. Mlinzi akauweka mezani kwake, akasema maagizo ni maagizo, halafu kwa mazoea akaongeza, "Haya, Mtandao, kesho."

Mama alisafishwa damu mara ya mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hakuwa na kiti. Mtandao alimwandikia Daktari barua ya kujishusha, akiomba mama yake aachiwe nafasi hata kwa bei kamili. Jibu lilikuja mstari mmoja, kwamba waombaji wote sasa wanajaza fomu kwenye tovuti. Akaijaza kwa kompyuta yake. Ikamshukuru kwa maua na maputo ya rangi, ikamwambia yeye ni wa kumi na tano. Hospitali kubwa nako mashine mbili zilikuwa zimekufa, na foleni yake ilikuwa ya miezi.

Siku ya tano miguu ya mama ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Siku ya saba akawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Cherehani ilinyamaza. Mke alikaa karibu na kitanda na kitambaa chenye maji, akimlowanisha mkwewe midomo, kwa sababu maji ya kunywa yalipimwa kwa kifuniko cha chupa.

"Mimi ndiye niliyekutia maneno," alisema usiku ule wa saba, akiwa amempa mumewe mgongo.

"Aliyeandika ni mimi."

"Ungeanza na ile ya simu ndogo..."

"Najua ningeanza na nini, mama watoto. Niache."

Simu iliita Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya kumi. Alikuwa dada wa mapokezi, akizungumza haraka haraka.

"Kaka Mtandao, kuna kiti. Kesho na Ijumaa, saa mbili. Nimekurusha juu ya wengine, usimwambie mtu."

Mtandao alisimama. Mke wake naye akasimama, bila kujua kwa nini.

"Cha nani?"

"Cha dirishani. Mkunga hakuthibitisha. Kuthibitisha kumeanza wiki hii, na jana jioni kimegeuka chekundu."

"Umempigia?"

"Mfumo ndio unaowakumbusha, kwa barua pepe."

"Ana barua pepe yule?"

Dada akashusha sauti. "Sehemu hiyo ilitaka kujazwa, nikaweka ya kliniki." Kisha sauti ikakaza. "Kaka, nina watu kumi na wanne mbele yako na simu nyingine inaita. Unakitaka au hukitaki?"

Sentensi moja ilitosha. Angesema tu: mpigie Mkunga, simu yake haiwezi, yeye yupo na atakuja. Yule dada hakuwa na roho mbaya, angempigia. Mtandao aligeuka. Mama alikuwa ameketi kati ya mito yake, mdomo wazi, macho yamemtoka kwa kazi ya kuvuta hewa, akimtazama mwanawe kama mtoto anavyomtazama mtu aliyeshika chakula.

"Nakitaka," alisema.

Alipokata simu mke alimshika mikono yote miwili, akalia kwa furaha. Hakumwambia kiti ni cha nani.

Jumanne walifika mapema. Muuguzi alimlaza mama kwenye kiti cha dirishani, akamfunga mkono, akaanza kumtafutia mshipa.

"Hiki si kiti cha mwenzangu?" aliuliza mama kwa taabu.

"Leo hayupo, mama."

"Anaumwa?"

"Sijui. Usiseme sana."

Mashine ikaanza kunguruma. Damu ya mama ikatoka kwenye mrija, ikazunguka, ikarudi. Mtandao alimtazama mpaka mabega yakalegea na macho yakafumba, ndipo akatoka kukaa kwenye benchi la nje ya mlango. Kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja na yeye mwenyewe alivuta pumzi hadi mwisho.

Haukupita muda akasikia mkongojo. Mkunga alikuja kwenye ujia taratibu, na kikapu chake, na kitambaa chake cheupe kichwani, kama alivyokuja kila Jumanne kwa miaka miwili. Miguu yake ilikuwa imeanza kujaa juu ya viatu. Muuguzi akamzuia mlangoni.

"Leo hupo, mama. Hukuthibitisha."

"Nimethibitisha kwa miguu yangu, mwanangu. Si huyu hapa nimekuja?"

"Inatakiwa kwenye tovuti. Kiti kimeshapewa mtu, na huyo mtu tayari yuko kwenye mashine. Rudi ukajaze upya, utapangiwa."

Mkunga alisimama akitafuta wa kumuuliza. Akamwona Mtandao kwenye benchi, uso ukachangamka.

"Aa, wewe upo! Si ndiye fundi wa hiki kitu wewe? Kinazunguka tu tangu Ijumaa. Nimenunua bando mara mbili, linaliwa na hakifunguki. Nyumbani niko peke yangu, sina wa kumpa anitazamie." Akatoa simu kwenye kikapu, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akamnyooshea. "Hebu niangalizie, mwanangu. Kosa liko wapi?"

Mtandao aliipokea. Ilikuwa simu ndogo ya kugusa, ndugu yake ile ya mama yake. Kioo cheupe, kiduara kinazunguka. Alilijua kosa lilipo, namba yake na ukurasa wake. Nyuma ya mlango mama yake hakuwa amemaliza hata saa moja kati ya saa nne za mashine. Muuguzi alikuwa pale pale, akimsikiliza atasema nini.

"Simu yako ndiyo mbovu, mama," alisema.

"Nilijua tu!" Mkunga alitikisa kichwa, akairudisha kikapuni. "Mjukuu wangu aliinunua kwa bei ya kutupa. Nisamehe, mwanangu, nimekusumbua bure." Akajishusha kwenye benchi kando yake apumzishe miguu kabla ya safari ya kurudi, mkono mmoja kifuani, akihema. Baada ya kitambo akamgusa goti.

"Na mama yako, hajambo? Mwambie leo sikubahatika. Nitamwona Ijumaa."

"Nitamwambia," alisema Mtandao.